Outlander PHEV au Prius PHV: kilomita halisi za umeme na gharama zake kwa bei ya LUKU

Kwa_Ndevu (Tegeta)

Wakuu, salaam. Nataka kuagiza gari Japani na nimebakiza mawili: Mitsubishi Outlander PHEV ya kati ya 2015 na 2017, ile ya injini ya lita 2.0 na betri ya kWh 12, au Toyota Prius PHV ya 2017 yenye betri ya kWh 8.8. Zote ni haibridi za kuchaji, yaani zina mota ya umeme unaochajiwa ukutani na injini ya petroli.

Matumizi ni Tegeta hadi Posta na kurudi, takribani km 50 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. AC muda wote, na foleni ya Mwenge mnaijua. Ofisini hakuna pa kuchomeka, kwa hiyo ni kuchaji nyumbani usiku tu.

Wauzaji wanaandika Outlander inakwenda km 60 kwa umeme mtupu na Prius km 68. Kwa Dar nitapata ngapi za kweli? Shilingi ngapi kwa kilomita? Na je, nyumba yenye nyaya za kawaida inabeba mzigo huo kila usiku? Tafadhali anayejibu aweke namba, maana maneno ya "inakula kidogo sana" nimeshayasikia ya kutosha.

---

Mzee_wa_Volti

Hizo km 60.2 za Outlander na 68.2 za Prius ni za kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Hufanyika maabara kwa betri mpya, mwendo mpole na AC imezimwa. Zinakusaidia kulinganisha gari na gari, lakini safari usizipangie hapo. Ulaya, Outlander hiyohiyo ilipimwa kwa NEDC ikapewa km 52. Marekani, shirika la EPA lilipoipima ile ya kWh 12 liliipa maili 22, yaani km 35, na Prius hiyo, ambayo kule inaitwa Prius Prime, ikapewa maili 25, yaani km 40. Kwa Dar anzia kwenye namba za EPA halafu punguza kwa umri wa gari.

Kwanza elewa kwamba betri ya kWh 12 haikupi kWh 12. Kompyuta ya Outlander huwasha injini betri ikibakiwa na takribani asilimia 30, ili seli zisichoke mapema na ibaki akiba ya kuisaidia injini. Unachokitumia kwa umeme mtupu ni kama kWh 8.4 gari likiwa jipya. Kwa Prius ni chini kidogo ya kWh 6 kati ya 8.8.

Halafu foleni. Watu wanadhani foleni ndiyo inayomaliza betri, lakini mota ikisimama haili kitu, na kila ukikanyaga breki sehemu ya nguvu inarudi. Kinachokula kwenye foleni ni AC, kwa sababu AC inakula kwa saa wakati magurudumu yanakula kwa kilomita. Joto la nyuzi 33 na unyevu wa Dar, kompresa ya umeme ikishatuliza gari inavuta kama kW 1.2. Tegeta hadi Posta kwa dakika 90 ni kWh 1.8. Outlander inatumia kama kWh 0.24 za betri kwa kilomita, kwa hiyo AC peke yake imekunyima km 7 na nusu kwa upande mmoja. Safari hiyohiyo Jumapili kwa dakika 40 inakunyima km 3 tu. Dawa ni kupooza gari likiwa bado limechomekwa ukutani. Outlander ina ratiba ya kuwasha AC kabla ya safari, kwa hiyo ule uvutaji mkubwa wa dakika za mwanzo unalipwa na LUKU (umeme wa nyumbani wa kulipia kabla) na betri inaanza safari ikiwa imejaa.

Mwendo nao una lake: ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, upinzani wa upepo unakaribia mara mbili. Barabara ya Bagamoyo asubuhi haitakuruhusu kufika huko, ila ya Morogoro itakuruhusu.

Kingine ni umri. Outlander ya 2015 iliyobaki na asilimia 75 hadi 80 ya uwezo wake ni ya kawaida kabisa. Piga 35 mara 0.78, unapata 27. Kwa hiyo panga km 25 hadi 30, na ukipata 33 siku ya baridi ya Julai furahi. Kwa Prius ya 2017 ningepanga km 32 hadi 36.

Jambo moja la masika linalowachanganya wengi wenye Outlander: kioo kikiota ukungu, dereva anazungusha joto juu, na injini inawaka hapo hapo hata kama betri imejaa. Matoleo mengi ya Japani ya daraja la chini hayana hita ya umeme, kwa hiyo ukiomba joto, gari halina pengine pa kulitoa isipokuwa kwenye injini. Acha joto kwenye baridi, washa AC na uelekeze upepo kiooni. AC inakausha hewa, ukungu unaondoka, na injini inabaki imelala.

---

Hesabu_Kwanza

Naongezea upande wa pesa, maana Mzee ameshamaliza upande wa kilomita.

Kosa la kwanza la watu ni kuhesabu umeme unaoonekana kwenye dashibodi. Unaolipia ni unaotoka ukutani, na kati ya ukuta na betri kuna upotevu wa asilimia 10 hadi 15 kwenye chaja iliyo ndani ya gari. Kipimo cha EPA kinahesabu kuanzia ukutani: Outlander kWh 0.28 kwa kilomita, Prius kama 0.16. Kwa petroli betri ikiisha: Outlander karibu km 11 kwa lita, Prius 23.

Bei ya LUKU kwa mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, ni TSh 292 kwa uniti, na uniti ni kWh moja. Weka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3%, EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, jumla 22%, inakuwa TSh 356.24. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na pointi, siku ambayo hawakukata kodi ya jengo. Petroli natumia TSh 2,900 kwa lita ili hesabu iende. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, weka ya mwezi wako.

Outlander kwa umeme: 0.28 × 356 = TSh 100 kwa kilomita. Kwa petroli: 2,900 ÷ 11 = TSh 264.
Prius kwa umeme: 0.16 × 356 = TSh 57. Kwa petroli: 2,900 ÷ 23 = TSh 126.

Sasa km 50 zako. Outlander, km 28 za umeme na 22 za petroli: 2,800 + 5,808 = TSh 8,608 kwa siku, kama 215,000 kwa mwezi. Usipoichaji kabisa ni 330,000. Prius, km 34 za umeme na 16 za petroli: 1,938 + 2,016 = TSh 3,954 kwa siku, kama 99,000 kwa mwezi. Usipoichaji ni 157,500. Kwa kulinganisha, gari kubwa la kawaida la petroli linalokwenda km 8 kwa lita lingekula zaidi ya 450,000 kwa safari hiyohiyo.

Angalia vizuri hapo. Kuchaji kunakuokolea 115,000 kwa mwezi kwenye Outlander na 58,000 tu kwenye Prius, lakini Prius bado ndiyo nafuu, na kwa mbali. Faida ya kuchaji inatokana na petroli ambayo gari lingekula usipochaji. Gari linalokula petroli sana lina mengi ya kuokoa. Lisilokula sana tayari limeshaokoa. Anayechukua Outlander achukue kwa sababu anahitaji nafasi, urefu kutoka chini na mota ya nyuma inayosukuma kwenye matope. Akiichukua kwa ajili ya kubana matumizi peke yake, amechagua gari lisilofaa kwa kazi hiyo.

---

Kwa_Ndevu

Shukrani sana wakuu, hizi ndizo namba nilizokuwa nazitafuta. Mawili zaidi. Mita yangu ni ya D1, ile ya uniti 75 za bei nafuu. Nyumba inatumia kama uniti 60 kwa mwezi. Itakuwaje? Na nikiwa barabarani kwenda Morogoro, ile nembo ya Charge inayochaji betri kwa injini nikiwa natembea, si ninapata umeme wa bure?

---

Hesabu_Kwanza

D1 ni jambo ambalo karibu kila mtu analisahau, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza.

D1 ni TSh 100 kwa uniti hadi ya 75, na zinazozidi ni TSh 350. Pamoja na makato ni 122 na 427. Leo unalipa 60 × 122 = TSh 7,320. Outlander yako itaongeza uniti 7.84 kwa siku, yaani 196 kwa mwezi, na nyumba itafika 256. D1 haikuundwa kwa nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo utahamishiwa T1. Hapo bili ya nyumba nzima ni 256 × 356.24 = TSh 91,197.

Toa 7,320 uliyokuwa unalipa. Gari limekuletea gharama ya TSh 83,877 kwa uniti 196, sawa na TSh 428 kwa uniti moja, wala si 356. Friji na taa zako zimepoteza bei nafuu kwa sababu ya gari, na tofauti hiyo lazima uiandike kwenye hesabu ya gari. Kilomita ya umeme ya Outlander inapanda kutoka 100 hadi 120. Kwa Prius inauma zaidi kwa uwiano, kwa sababu hasara ileile inagawanywa kwa uniti chache, 136: uniti moja inafika TSh 460, na kilomita inatoka 57 hadi 74. Bado ni chini sana ya petroli kwa magari yote mawili, lakini usije ukashangaa mwezi wa pili ukadhani mita ni mbovu.

---

Mzee_wa_Volti

Kuhusu Charge: si bure hata kidogo, ndugu yangu. Lita moja ya petroli ina kama kWh 9 za nishati. Injini na jenereta, ukitoa joto linalotokea kwenye bomba la moshi na rejeta, zinafikisha kwenye betri kama kWh 2.5. Kupata kWh 7 unachoma karibu lita 3, sawa na TSh 8,700. kWh hizo hizo kutoka ukutani, pamoja na upotevu, ni uniti 8, TSh 2,850.

Nembo ya kutumia ni Save, inayotunza umeme uliobaki kwenye betri kwa ajili ya baadaye. Outlander ikivuka kama km 65 kwa saa injini inaweza kuunganishwa moja kwa moja na magurudumu ya mbele, na hapo ndipo inapofanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo Tegeta hadi Kibaha kwenye msongamano tumia umeme, ukishapita Mlandizi na barabara imefunguka bonyeza Save, halafu iachie ukiingia Morogoro mjini. Lita za mafuta zitapungua kuliko ukiacha betri iishe yote kabla ya Chalinze.

Charge ina nafasi moja halali: unapojua mbele kuna mlima mrefu na betri imekwisha, mfano kabla ya kupanda Kitonga. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na watu linahitaji kama kWh 0.55 kwa kila mita 100 za kupanda, mbali na nguvu ya kusonga mbele. Betri tupu mlimani maana yake injini ya lita 2.0 inabeba kila kitu peke yake na inapiga kelele kweli. Kwenye kushuka, weka breki ya umeme kwenye B5 kwa zile pedali za nyuma ya usukani. Ila usifike juu ya mteremko betri ikiwa imejaa, kwa sababu umeme wa kushukia hautakuwa na pa kwenda na breki za kawaida ndizo zitakazochoka.

---

Stima_Nairobi

Kwa walioko Kenya hesabu ni ileile, badilisha namba tu. Usitafute bei ya stima kwenye gazeti kwa sababu juu ya bei ya msingi kuna ada ya mafuta, ya fedha za kigeni, za mamlaka na VAT, na zinabadilika kila mwezi. Chukua ujumbe wa tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Ikitoka KSh 28, Outlander ni KSh 7.80 kwa kilomita ya umeme. Petroli ikiwa KSh 184, kilomita ya petroli ni karibu KSh 16.70. Kwetu pengo ni kubwa, lakini kwa uwiano halifiki la T1 ya Tanzania.

EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, iliweka bei ya pekee kwa magari ya umeme mwaka 2023, ambapo bei ya msingi ya usiku ni nusu ya mchana. Inataka mita yake, tofauti na ya nyumba. Kwa gari moja linalokula uniti 7 kwa usiku, piga hesabu ya gharama ya kufungiwa mita ya pili kabla ya kukimbilia huko.

Mambo mawili ya huku bara. Asubuhi za Limuru mwezi wa Julai watu wanataka hita, na yale Mzee ameeleza ya injini kuwaka ndiyo yanayotokea. Hapo kiti cha joto, kama gari linacho, kinakula umeme kidogo sana kuliko hita. Na wanaotoka Mombasa kuja Nairobi: ni mita 1,700 za kupanda, na kwa tani 2 hiyo ni zaidi ya kWh 9, yaani sehemu yote inayotumika ya betri ya Outlander na ziada. Mtu akipima matumizi ya petroli kwa safari ya kupanda peke yake atalitukana gari bila kosa. Pima kwenda na kurudi.

---

Fundi_Waya_Tanga

Nimesoma yote naona swali la nyaya limerukwa, na hilo ndilo linalochoma nyumba. Naomba lisomwe kwa makini.

Anza na waya wa kuchajia wenyewe, ule wenye kiboksi katikati. Gari likitoka Japani mara nyingi linakuja bila waya huo, au unakuja wa huko. Soma lebo ya kiboksi. Ikiandikwa 100V peke yake, usichomeke kwenye 230V kwa adapta ya aina yoyote, kiboksi kitaungua. Chaja iliyo ndani ya gari inamudu 230V bila shida, kinachoshindwa ni kiboksi. Nunua waya wa 220–240V, ampea 10, wenye kichwa cha gari cha Type 1, maana ndicho kilichoko kwenye magari yote mawili unayoyataka. Vituo vingi vya kuchajia vinavyojengwa sasa ni vya Type 2, kwa hiyo ukitaka kuvitumia utahitaji adapta yake.

Ampea 10 kwa 230V ni kW 2.3. Outlander tupu inataka kama uniti 10 ikiwa mpya, hivyo ni saa nne na nusu. Mzigo wenyewe si mkubwa. Shida ni kwamba hausimami. Pasi inawaka na kuzima, birika ni dakika tano, lakini gari linavuta ampea 10 mfululizo bila kupumzika. Soketi ya bei rahisi yenye kibanio kilicholegea inapata joto, plastiki inalainika, kibanio kinalegea zaidi, joto linapanda. Ukiona plagi imebadilika rangi kuzunguka miguu, au fyuzi ya ndani ya plagi imeungua mwilini, usibadilishe fyuzi ukaendelea. Badilisha soketi.

Kinachotakiwa: waya wake peke yake kutoka kwenye DB (boksi la saketi breka la nyumba), shaba ya milimita 2.5, bila kupitia soketi nyingine yoyote. Saketi breka ya ampea 20. RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, Type A. Soketi moja nzuri ya ampea 13. Kama DB iko mbali zaidi ya mita 25 hivi, panda hadi milimita 4. Nyumba nyingi za zamani zina soketi zilizovutwa kwa waya wa milimita 1.5 kutoka kwenye mzunguko wa taa. Hizo usiziguse kwa kazi hii. Ekstensheni pia hapana, na hasa ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, maana ikiwa imezungushwa joto halitoki.

Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Kiboksi kinapima ethi kabla ya kuruhusu umeme, na ikiwa mbovu kinawasha taa nyekundu na kugoma. Mafundi wengine wanaunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi ili kiboksi kikubali. Hiyo ni hatari ya kifo: nyutro ikikatika huko nje kwenye nguzo, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na anayelishika akiwa amesimama kwenye mchanga wenye maji ndiye anayekuwa ethi. Chimbia fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi mahali penye unyevu, pima kwa kipima ethi, na kama ardhi ni ya mchanga mkavu ongeza fimbo ya pili.

Umeme kukatika katikati ya kuchaji hauna madhara, gari linaendelea lenyewe ukirudi. Kinachoua chaja ni umeme kurudi kwa kishindo au volti kupanda. Weka AVS (swichi ya kulinda dhidi ya volti mbaya) ya ampea 30 kwenye waya huo. Inasubiri umeme utulie ndipo inaruhusu, na volti zikizidi inakata. Chaja ya ndani ya gari ikiungua, bei yake ni kubwa kuliko AVS nyingi sana.

---

Seli_kwa_Seli

La betri kabla ya kununua, kwa sababu km 28 za Hesabu_Kwanza zinasimama juu ya betri yenye afya.

Outlander ina seli 80 zilizounganishwa mfululizo, kila moja Ah 40 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa seli) ikiwa mpya, jumla 300V. Chukua kifaa kidogo cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha bluututhi na programu ya PHEV Watchdog kwenye simu ya Android. Inasoma Ah zilizobaki na volti ya kila seli. Ah 32 ni asilimia 80, nzuri kwa umri huo. Ah 28 inakubalika bei ikishuka. Chini ya 26 utapata km 20 hivi kwa AC, na hesabu yote ya hapo juu inabadilika. Zaidi ya Ah, tazama tofauti ya volti kati ya seli ya juu na ya chini betri ikiwa karibu na kuisha. Seli moja ikianguka peke yake, gari zima linafuata seli hiyo, kwa sababu kompyuta inawasha injini kwa kumwangalia aliye dhaifu zaidi.

Kama gari liko Dar tayari na huna kifaa, tumia LUKU. Liendeshe hadi injini iwake na dashibodi ionyeshe sifuri. Nyumbani zima kila kitu pamoja na friji, andika uniti kwenye mita, chaji hadi mwisho, soma tena. Mpya ingekula kama uniti 10. Ikila 7.5, betri ina robo tatu. Namba ya kilomita inayokadiriwa na dashibodi usiitumie kupima betri. Inatokana na uendeshaji wa siku chache zilizopita, na muuzaji akilitembeza taratibu bila AC itapanda yenyewe.

Kuitunza kwenye joto la pwani: weka ratiba ya kuchaji ili imalize saa moja kabla ya kuondoka, badala ya kujaa saa tatu usiku na kukaa imejaa hadi asubuhi. Betri iliyojaa kwenye joto inazeeka haraka. Mchana tafuta kivuli. Kwenye Prius, kagua matundu ya kuingizia hewa ya betri karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na nywele vikiziba, feni inavuma na betri inapata joto.

---

Kwa_Ndevu

Fundi, asante sana, nitakagua DB kabla hata sijalipia gari. Swali la mwisho kwa yeyote: injini ikiwa inafanya kazi kidogo hivyo, sevisi inapungua?

---

Mzee_wa_Volti

Baadhi. Outlander haina gia boksi ya kawaida wala CVT mbele, kwa hiyo gharama hiyo haipo. Oili ya injini ni 0W-20, na usiihesabu kwa kilomita za gari peke yake: injini inayowaka dakika nne ikazimwa haipati joto la kutosha kuchemsha maji na petroli vinavyoingia kwenye oili. Badilisha angalau kila baada ya miezi sita hata kama kilomita hazijafika.

Petroli nayo inazeeka tangini. Outlander inahesabu: usipoweka kama lita 15 ndani ya miezi mitatu, itawasha injini yenyewe hata betri ikiwa imejaa, ili isafishe mfumo wa mafuta. Kwa safari yako ya km 50 hutafika huko, lakini anayekaa Mikocheni na kufanya kazi Masaki atafika, na atadhani gari lina ubovu. Aongeze mafuta tu.

Breki padi zinadumu sana kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, lakini hilo pwani lina ubaya wake: pini za kalipa hazisogei, chumvi inazishika, padi inang'ang'ania diski na kilomita zako za umeme zinapungua bila wewe kujua. Kila mwaka toa pini, safisha, paka grisi ya breki. Baada ya safari ndefu gusa rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, anza hapo.

Na betri ndogo ya 12V. Ikishuka, betri kubwa haiunganishwi na gari haliandiki READY (tayari kuondoka), hata kama kWh zote zimo. Kabla ya kuruhusu mtu yeyote afungue betri kubwa, pima hiyo ndogo. Gari likiwa limezimwa isome 12.4V au zaidi, na likiwa READY isome kama 14V.